Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma Riwaya za Giza Kuhusu Watoto Walioteswa na Kutelekezwa

Maswali haya yamekusanyika katika miaka kadhaa ya kusoma pamoja hapa Mbeya, katika kikundi kidogo cha watu wazima kinachokutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha kuazima. Wanaouliza ni walimu wa sekondari, wauguzi, wafanyabiashara wa Mwanjelwa, wachungaji na masheikhe, pamoja na wazazi wa Iringa, Makambako na Tukuyu waliosikia kwamba tunasoma vitabu vya namna hii wakashtuka. Majibu ni ya mwandishi mmoja, ingawa mengi nimeyapata kwa wenzangu.

Mnaposema riwaya za giza, mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha riwaya na hadithi fupi za zama hizi zinazomweka mtoto katikati ya mateso yanayotoka kwa watu waliopaswa kumlinda: mzazi, mlezi, mjomba, mwalimu, kiongozi wa dini, au mwajiri aliyemchukua mtoto wa mwenzake kwa ahadi ya kumsomesha. Hatumaanishi hadithi za majini, wala riwaya za upelelezi ambamo maiti huonekana ukurasa wa kwanza na muuaji hukamatwa ukurasa wa mwisho. Katika riwaya tunazozizungumzia hakuna fumbo la nani alitenda. Kila mtu ndani ya nyumba anajua, na mara nyingi mtaa mzima unajua pia, na giza lenyewe ni huko kujua kusikozaa tendo lolote.

Kwa nini mtu asome habari za kuhuzunisha hivyo, ilhali maisha yenyewe yana huzuni ya kutosha?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeliuliza ni mtu aliyechoka kwa haki. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku katika wodi ya watoto hana deni la kusoma chochote cha giza, na hatumlazimishi.

Kwa upande wangu, sisomi vitabu hivi ili nilie. Nasoma kwa sababu mtoto anayeteswa hana mahali pa kusemea, na riwaya iliyoandikwa vizuri ni moja ya mahali pachache ambapo mtu mzima hulazimika kukaa kimya kwa kurasa mia mbili au mia tatu akimsikiliza mtoto, bila kumkatiza, bila kumwambia aache uongo, bila kumtuma maji. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Akija na habari kwamba shangazi anampiga, jambo la kwanza analoulizwa ni, “Umefanya nini?” Kabla hajajibu, kesi imekwisha hukumiwa. Riwaya haiwezi kukatizwa namna hiyo. Unaweza kuifunga, lakini huwezi kuihoji mpaka ibadili maneno yake.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, uliohusisha vijana wa miaka 13 hadi 24, ulionyesha kwamba takriban robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wamepata ukatili wa kingono. Nimekaa kwenye semina ambamo takwimu hizo zilisomwa, na niliwaona waliokuwapo wakisikitika kwa ajili ya watoto wa mtaa mwingine. Riwaya haimpi msomaji nafasi hiyo ya kukaa mbali, kwa kuwa humwingiza ndani ya nyumba, humwonyesha sufuria na godoro, na kumwacha humo mlango ukiwa umefungwa.

Je, fasihi ya namna hii si ya kigeni?

Si ya kigeni hata kidogo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971, na ndani yake yumo baba mlevi, Zakaria, anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha kikarudi. Wengi walikumbuka mambo ya mapenzi yaliyomo wakasahau kipigo, ingawa kipigo ndicho kinachoanza kumharibu Rosa. Vilevile maelfu ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo kwa ajili ya mtihani, wakaandika dhamira za umaskini, ulevi na malezi mabaya katika safu nadhifu, na wengi wao wakamaliza shule bila mtu kuwauliza kama kuna mtoto wa kitabuni waliyemfahamu kwa sura. Nasema hili nikiwa nimewahi kufundisha kwa namna hiyohiyo, na najutia.

Kwa majirani zetu wa bara hili mfano ulio karibu ni *Purple Hibiscus* cha Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, kilichotoka mwaka 2003. Anayesimulia ni msichana wa miaka kumi na mitano ambaye baba yake ni tajiri, mcha Mungu na mkarimu anayesifiwa na mji mzima, na ambaye nyumbani humwagia mwanawe maji ya moto miguuni ili kumwadhibu. Kila tulipokisoma kitabu hiki na watu wapya, kulitokea mtu aliyesema kwamba anamjua baba huyo, na kila mara alikuwa akimzungumzia mtu tofauti.

Kwa nini mara nyingi anayesimulia ni mtoto mwenyewe?

Hapa ndipo ufundi wa waandishi hawa ulipo, na hapa napenda tukae zaidi. Msimulizi mtu mzima anajua majina ya mambo. Akiona kovu anasema kovu, akiona njaa anasema njaa, na msomaji hulipokea jina hilo kama anavyopokea taarifa ya habari. Mtoto hana majina hayo. Ana vitu tu: ufunguo unavyogongagonga kitasa kabla ya kuingia, harufu ya pombe ya komoni kwenye koti, viatu vilivyoachwa mlangoni kwa namna inayoonyesha kwamba baba amerudi na hali aliyorudi nayo. Anatueleza anachokiona, nasi tunaelewa asichokielewa, na uchungu wote wa kitabu unakaa katika nafasi hiyo iliyo kati ya maneno yake na ujuzi wetu.

Kwa wanakikundi wapya nilitunga mfano mdogo. Mtoto wa miaka saba anasimulia kwamba mama mdogo anampenda sana, kwa sababu kila Jumapili humvalisha sweta la mikono mirefu hata jua likiwa kali, ili watu wa kanisani wasimwonee kijicho. Kwa mtoto huyo hiyo ni habari njema. Muuguzi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha alipoisikia sentensi hiyo aliuliza papo hapo, “Mikononi mna nini?” Hakuna kipigo kilichotajwa, hakuna damu wala kilio, lakini swali lilikuwa sahihi, na ni swali ambalo hakuna hata mmoja katika kanisa lile la hadithi aliyeliuliza. Tangu siku hiyo ndilo tunaloanzia kila kitabu: mikononi mna nini, na nani alikuwa amekaa karibu kiasi cha kuweza kuuliza?

Liko jambo jingine linalowakwaza wasomaji wageni. Mtoto wa riwaya hizi humpenda mtesi wake, humtafutia udhuru, humwombea apone, na hujilaumu mwenyewe kwa vipigo anavyopata. Wengine huona kwamba mwandishi amemfanya mtoto mjinga. Ninavyoona mimi, hapo ndipo mwandishi anapokuwa mkweli kuliko mahali pengine popote. Mtoto hana mzazi wa akiba. Akikubali kwamba mzazi aliye naye ni mbaya, hana mwingine wa kumkimbilia, kwa hiyo anapata nafuu akiamini kwamba mbaya ni yeye, kwa maana ubaya wake mwenyewe anaweza kujaribu kuurekebisha: atafagia mapema zaidi, atanyamaza zaidi, hatadondosha kikombe tena. Msomaji anayeelewa hivyo hawezi tena kumwambia mtoto halisi, “Kama alikuwa anakutesa, mbona hukusema?”

Kutelekezwa kunaandikwaje, ikiwa hakuna anayepigwa?

Kunaandikwa kwa shida, kwa sababu ni habari ya mambo yasiyotokea. Hakuna aliyepika. Hakuna aliyeuliza ulikuwa wapi. Daftari lilijaa mwezi wa tatu na hakuna aliyelitazama. Mwandishi stadi huonyesha hayo kupitia ustadi wa mtoto mwenyewe, yaani mtoto wa miaka tisa anayejua kuwasha mkaa wenye unyevu, anayejua duka lipi linakopesha na lipi limeacha kukopesha, anayemfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga akienda shuleni kwa kuwa hakuna wa kumwachia. Watu wazima wa kitabuni humsifu mtoto huyo kwamba ana akili ya mtu mzima. Sifa hiyo inapotolewa, nawaomba wasomaji wasimame kidogo.

Katika Nyanda hizi za Juu Kusini swali hili lina uzito wake wa pekee. Hapa mtoto asiye na sweta mwezi wa Juni au Julai, kule Makete au Uyole, anaonekana na kila anayepita, na ukimya wa wapitaji ni sehemu ya hadithi. Hapa pia tuna msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ambapo katika baadhi ya nyumba watu wazima hurudi usiku na watoto hulala walivyo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa na asilimia 50.4 mkoani Njombe walikuwa wamedumaa, katika mikoa ambayo inalisha sehemu kubwa ya nchi. Nataja takwimu hizi kwa tahadhari, kwa maana kudumaa kuna sababu nyingi, zikiwamo mlo wa aina moja na mzigo wa kazi unaomwelemea mama shambani, na si haki kumwita kila mzazi wa mtoto aliyedumaa mtelekezaji. Ninachotaka kusema ni kwamba ghala lililojaa mahindi si ushahidi kwamba mtoto wa nyumba hiyo ameshiba, na kwamba mwandishi anayemweka mtoto mwenye njaa katika nyumba yenye chakula hajatia chumvi.

Ukimwi nao uliacha yatima wengi katika mikoa yetu. Hata katika utafiti wa mwaka 2016/17, Njombe ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi nchini, asilimia 11.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Yatima wengi walilelewa vizuri na bibi, shangazi na majirani, na hilo lisemwe kwa sauti. Wengine waligawanywa kwa ndugu siku ya kumaliza msiba pamoja na mashamba na mabati. Na wako wasichana wa Iringa na Njombe wanaopandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kabla hawajaota vizuri matiti, na wanaoitwa “binti” na watu wasiojua jina lao la ubatizo. Riwaya kubwa ya msichana huyo, iliyoandikwa kwa sauti yake, bado naisubiri, na natumaini atakayeiandika yuko sasa katika darasa moja la sekondari huko Mafinga au Ludewa.

Je, kila mzazi anayechapa fimbo ni mtesaji? Vitabu hivi havitupi hukumu sisi sote?

Mzazi aliyeuliza swali hili kwa mara ya kwanza alikuwa amekasirika, nami nilifurahi kwamba alikuwa amekasirika, kwa maana alikuwa amesoma kitabu mpaka mwisho. Tumekua na methali isemayo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na wengi wetu tumechapwa na watu waliotupenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na inaeleza kwamba marekebisho yoyote yasiyolingana na umri na hali ya mtoto, au anayofanyiwa mtoto asiyeweza hata kuelewa lengo lake, hayana uhalali. Kwa hiyo sheria yenyewe inatuuliza swali la kiasi na la uelewa, na riwaya inauliza swali hilohilo kutoka upande wa chini, kwa anayepokea fimbo. Mimi nimefikia uamuzi wangu wa kutochapa. Sikuupata kwenye semina. Niliupata kwenye ukurasa ambapo mtoto anahesabu hatua za baba yake kutoka getini hadi mlangoni, nikakumbuka kwamba nami niliwahi kuhesabu.

Tusome kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Vingi vya vitabu vipya vya aina hii vinapatikana kwa Kiingereza kuliko kwa Kiswahili, na wanakikundi wetu wengi husoma kwa Kiingereza kisha tukajadili kwa Kiswahili. Nimeona jambo la ajabu katika kufanya hivyo. Mtu anayeweza kusoma neno la Kiingereza la kubaka bila kubadili sura hushindwa kulitamka la Kiswahili mbele ya wenzake, na badala yake husema “alimfanyia kitendo kibaya” au “alimharibia maisha”. Tafsida hizo zina heshima yake, na sidharau adabu ya lugha. Lakini mtoto aliyebakwa hakufanyiwa “kitendo” kisicho na jina, na mtoto aliyelawitiwa hastahili kuachwa bila neno la kusemea polisi au hospitalini. Katika kikao chetu tunataja jambo kwa jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha tunaendelea. Vilevile tunakuwa waangalifu na maneno yanayoufunika ukatili kwa vazi la malezi: kumrudi mtoto, kumnyoosha, kumfunza adabu, kumkomaza. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuyajua maneno haya kwa sikio la nyumbani, na anaweza kusikia yanapotumika vibaya.

Nitajuaje kitabu kilichoandikwa kwa dhati na kile kinachouza machozi?

Tazama kama mtoto ana jambo jingine lolote zaidi ya kuteswa. Mtoto wa kweli hupenda mpira wa makaratasi, hucheka kanisani, huiba karanga, humwonea mdogo wake, huota kuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma. Mwandishi aliyemnyima mtoto wake mambo hayo yote amemtumia kama mti wa kuning'inizia vipigo. Tazama pia namna mateso yenyewe yanavyoelezwa. Kama maelezo ya mwili wa mtoto ni marefu kuliko maelezo ya anachofikiri, kama mwandishi anaonekana kukaribia kupita kiasi pale ambapo mtu mwenye staha angegeuza uso, funga kitabu bila aibu. Nimefunga viwili, na kimoja kilikuwa kimesifiwa sana. Mwisho, tazama watu wazima wa pembeni. Kitabu cha kuuza machozi huwa na shetani mmoja na malaika mmoja, na wengine wote hawapo. Kitabu cha kweli kina mama mwenye nyumba, mwalimu wa zamu, dereva wa bodaboda, mjumbe, na kila mmoja wao ana kipande kimoja cha habari ambacho hakukipeleka popote.

Je, kusoma uovu hakumfundishi mtu uovu?

Mtesaji hajifunzi kutesa kutoka kwenye riwaya. Anachokihitaji ni faragha na watu wanaonyamaza, na vyote viwili hupungua pale watu wanapojua jinsi mambo yanavyoendeshwa.

Dini inasemaje kuhusu kusoma mambo kama haya?

Mimi si mwanazuoni, nami huwaachia wachungaji na masheikhe wetu neno la mwisho. Naona tu kwamba vitabu vitakatifu havikuficha. Katika Mwanzo, Yusufu ana miaka kumi na saba ndugu zake wanapomtupa shimoni, kisha wanaketi kula chakula. Katika Kurani, Sura At-Takwir inataja siku ambayo mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Sheikh mmoja aliyetutembelea alituonyesha kwamba anayeulizwa hapo ni mtoto mwenyewe. Sisi tulikuwa tumesoma riwaya tatu mwaka ule bila kulisema jambo hilo kwa ufasaha kiasi hicho.

Vitabu hivi vinafaa umri gani?

Kisheria mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na kikundi chetu ni cha waliozidi umri huo. Wanafunzi wa sekondari wasome vitabu vilivyo katika mihtasari yao, pamoja na mwalimu aliyejiandaa kusikia jambo ambalo hakulitarajia, kwa sababu katika darasa la wanafunzi hamsini anaweza kuwapo mmoja ambaye somo la siku hiyo ni maisha yake. Mwalimu asiwatake wanafunzi wasimulie mambo ya nyumbani kwao mbele ya wenzao. Awaambie tu yuko wapi baada ya kipindi, na awepo kweli.

Niongeze kwamba mwanzoni mwa mwaka 2019, mkoa wa Njombe ulipokumbwa na mauaji ya watoto, tuliacha kabisa vitabu hivi kwa miezi kadhaa. Wazazi walikuwa wakiwasindikiza watoto wao shuleni kwa miguu, na hakuna riwaya iliyokuwa na haki ya kuingilia hofu hiyo.

Mimi mwenyewe niliteswa nilipokuwa mtoto. Je, nisome?

Ndugu yangu, jibu ni lako, na sitakupa shinikizo upande wowote. Naweza kukueleza niliyoyaona kwa wenzako waliopitia hapa.

Wako waliosoma wakapata jambo ambalo hawakuwahi kulipata, yaani neno la kuelezea jambo lililowatokea. Mama mmoja mwenye miaka zaidi ya hamsini alisema kwamba alidhani ni yeye peke yake duniani aliyewahi kujificha chooni ili ale. Alirudia kusoma ukurasa huo mara nyingi, akaunakili kwa mkono. Wako waliosoma kurasa kumi usingizi ukakatika kwa wiki mbili, wakaanza kutetemeka wakisikia mlango ukifungwa. Hao hawakuwa dhaifu kuliko yule mama. Mwili una kumbukumbu zake, na hauombi ruhusa.

Ukiamua kujaribu, usisome usiku, wala peke yako katika nyumba tupu, wala katika nyumba uliyoteswa ikiwa bado unaishi humo. Mwombe mtu aliyekisoma akueleze mapema kilichomo, ukurasa kwa ukurasa kama unataka. Kwetu hakuna anayeambiwa kwamba ameharibiwa utamu. Ruka sura unazotaka kuruka. Una haki ya kuacha katikati ya sentensi na usieleze sababu, na katika kikao mtu akitoka nje hatumfuati wote, humfuata mmoja aliyekubaliana naye kabla. Kama kitabu kimefungua jambo ambalo halifungiki, zungumza na mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii. Sisi ni wasomaji, hatuwezi kuziba nafasi yao, na kikundi kinachojidai kuwa hospitali huumiza watu.

Kitabu kimenifanya nimfikirie mtoto wa jirani. Nifanye nini?

Usisubiri kumaliza kitabu. Piga simu namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haikutozi chochote; mtoto anaweza kuipiga mwenyewe, na mtu mzima anaweza kuipiga kwa niaba yake. Unaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula na malazi, aitoe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Huhitaji kuwa na ushahidi wa mahakamani. Kuchunguza ni kazi yao. Kama mtoto ameumizwa au amebakwa, apelekwe hospitali mapema kabla hajaogeshwa na kubadilishwa nguo. Hospitali kadhaa zina vituo vya mkono kwa mkono ambamo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Usimkabili mtuhumiwa peke yako kwa hasira, kwa sababu utaondoka wewe, na mtoto atabaki naye.

Najua ugumu wake. Watu husema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Miaka mingi iliyopita nilipanga chumba katika nyumba yenye wapangaji wanne, na chumba cha tatu kulikuwa na mtoto wa kufikia wa miaka kama sita. Nilimsikia. Ilikuwa masika, na mvua ya hapa ikipiga mabati hufunika kila sauti, nami nilijifunza kuishukuru mvua hiyo, kwa kuwa usiku iliponyesha niliweza kujiambia kwamba sikusikia kitu. Asubuhi tulisalimiana uani kama kawaida, tukaulizana habari za kuamka. Mwezi Machi familia ile ilihama. Nilikuwa namfahamu mtoto yule kwa sauti, lakini jina lake sikuwahi kuuliza. Ni kwa sababu yake nilianza kusoma vitabu hivi, na ni kwa sababu yake kila kitabu tunachoazimisha kina karatasi iliyogundishwa ndani ya jalada la nyuma, yenye namba 116 na maelezo ya mahali lilipo Dawati la karibu. Ukirudisha kitabu karatasi ikiwa imechanwa, hatutakuuliza. Tutagundisha nyingine.